Kereng'ende Mlangoni kwa Kanankira

Mkono mtupu hulambwa. Najua wahenga walisema kinyume, na mimi ni mtu wa kuwaheshimu wahenga pale wanaposema sawa. Lakini Jumapili tatu mfululizo nimeiona Ngofi nzima, kijiji chetu, ikijipanga kando ya njia kuulamba mkono wa mtu aliyekwisha kuzikwa, mkono usio na kitu wala nyama, na kabla ya Jumapili ya nne wakaniletea mimi niuthibitishe.

Aliyeuleta ni mjane wake, Mama Niendiwe. Alibisha hodi Ijumaa asubuhi, kabla sijamaliza kufagia karakana, akiwa na kapu la ukindu mkononi. Ndani ya kapu mlikuwa na rimoti iliyoviringishwa kwenye khanga, na kereng'ende wa mumewe, marehemu Elieskia, amelala chali, mapanga yake manne yamefungwa kwa uzi yasizunguke.

"Usimfungue," alisema kabla sijanyoosha mkono. "Mwangalie tu, uandike."

"Mama, mganga gani anaandika bila kumgusa mgonjwa?"

"Huyu si mgonjwa, Nakiete. Huyu ni mzima kuliko sisi."

Hapa milimani kereng'ende ni kile chombo kidogo cha mapanga manne ambacho watu hurusha kwa kujifurahisha, chini ya vilele vya miti. Juu ya vilele ni njia ya ndege za mizigo, na ukithubutu kumpandisha wako huko, anazimwa na kuanguka kama parachichi bovu. Chini ya vilele tumebaki huru, na katika uhuru huo Elieskia alikuwa mfalme. Aliwahi kumpitisha kereng'ende katikati ya miguu ya ng'ombe anayekamuliwa, na maziwa yasimwagike.

Nilimkalisha Mama Niendiwe kwenye kigoda, nikaiweka rimoti mezani. Vijiti viwili, kama rimoti zote. Cha kushoto ukikisukuma juu mapanga yanaongeza nguvu, ukikishusha yanapunguza. Ukikilaza kando pua inageuka. Cha kulia ndicho cha kumwinamisha: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mtoto wa darasa la pili anajua hayo. Asichojua mtoto ni kazi ya kitufe cheupe kilicho katikati ya vijiti, ambacho tunakiita Mkono.

Rimoti inasoma vidole gumba vya mwenye nayo. Inakumbuka jinsi anavyosita, anavyokata kona, anavyomtuliza kereng'ende kabla ya kutua. Akishafikisha saa mia tano za kuruka, anaweza kukibonyeza kitufe cheupe, akaondoa mikono, na vijiti vikasogea vyenyewe kwa tabia yake. Walio hai huutumia Mkono wakitaka kujikuna mgongo. Wa marehemu una sharti la chama chetu cha warushaji: kabla ya arobaini fundi aupime, kisha afunge kibati kwenye rimoti, kimeandikwa kama unaaminika au hauaminiki. Usioaminika hufutwa.

"Andika unaaminika," Mama Niendiwe alisema. "Maneno hayo tu. Shemeji anataka kukiona kibati kabla ya kikao cha ndiva. Watu wanamcheka, wanasema mzee mzima analilia kidude."

"Na kikao kitaamua nini?"

Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria isiyotaka kuchemka. "Zamu yangu ya maji. Unajua vizuri."

Nilijua. Ngofi nzima inajua. Mvua zilipoanza kuja zinapotaka, yale mabwawa ya kale ya babu zetu, ndiva, yalirudi kuwa roho ya milima hii. Ndiva ya juu inasimamiwa na Kanankira, kaka yake Elieskia. Miaka tisa iliyopita Elieskia alimrusha kereng'ende mwenye kamera juu ya ndiva hiyo, akaja na picha kwenye kikao: Kanankira akiufungua mlango wa maji kwenda shambani kwake, alfajiri, siku ambayo si zamu yake. Watu waliangua kicheko. Kanankira hakucheka. Tangu siku ile Elieskia hakupata zamu, na tangawizi ya Mama Niendiwe imekua kwa umande na ndoo za kichwani.

Kisha Elieskia akafa. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, mjane alikiweka chombo uani, akabonyeza kitufe cheupe, amwone mumewe akiruka mara moja tena. Kereng'ende alipanda kimo cha kichwa, akatulia kidogo, kisha akaanza kwenda. Polepole, ubavuubavu, bila kuyumba, hatua mia mbili juu ya matuta ya tangawizi, hadi kibarazani kwa Kanankira. Akasimama hewani mbele ya mlango, umbali wa mkono mmoja, mpaka betri ikachoka na akatua kwenye kizingiti. Jumapili ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Baada ya hiyo ya tatu Kanankira alipanda ndivani na kufungua maji yashuke kwa shemeji yake.

"Siku tano sasa," Mama Niendiwe alisema, na sauti yake ikalainika. "Mfereji unaimba, Nakiete. Nilikuwa nimesahau kwamba unaimba."

Nilimwambia aniachie chombo mpaka Jumapili. Alisita, akaibusu ile khanga, akaniachia.

*

Nilianza kama ninavyoanza siku zote. Nilimweka kereng'ende juu ya meza mpya, ile yenye skrubu tatu miguuni na kitone cha hewa ndani ya kioo kinachokuonyesha kama imelala sawa. Nikawasha rimoti, nikamwasha kereng'ende. Sikuugusa Mkono wa Elieskia. Nilimtoa nje na kumpandisha kwa vidole vyangu mwenyewe, na vijiti nilipoviachia, alitulia palepale. Chombo hakikuwa na kasoro.

Nikambonyezea Mkono.

Vijiti vilishtuka, vikaanza kuishi. Cha kushoto kilimshika vizuri, kimo cha kichwa. Cha kulia kikalala upande wa kulia, kidogo sana, unene wa punje ya mtama, kikabaki hapo. Kereng'ende akaanza kwenda zake kulia, kuelekea kwenye banda la kuku wa jirani. Alipoufikia ukuta, lile jicho lake la ubavuni linalomzuia kugonga vitu likamsimamisha. Akabaki hewani mbele ya kuku, umbali wa mkono mmoja, kwa adabu zote.

Kuku hawakulia machozi, lakini mimi nilikaa chini.

Elieskia hakuwa na dole legevu. Kwa nini basi mkono wake usukume kulia, mfululizo, kama mtu anayeegemea mlango usifunguke?

Jibu lilikuwa uani kwangu, nimeanika mboga za majani juu yake. Ni jiwe pana alilolilaza Fundi Mbonea, aliyenifundisha kazi kabla sijaenda chuoni kuchukua stashahada. Kwa miaka zaidi ya kumi kila kereng'ende wa Ngofi alisawazishwa juu ya jiwe hilo. Kusawazisha ni jambo la sekunde tatu: unamweka chombo mahali palipolala sawa, unavuta vijiti vyote viwili chini na kuvitanua nje, taa zinapepesa, zinatulia. Hapo kereng'ende amejifunza kwamba huu ndio usawa wa dunia. Ukimweka mahali palipoinama, ataamini kwamba dunia imeinama, na ataruka kwa imani hiyo.

Nilitoa mboga. Nilichukua mpira wa maji, ule mrefu, mwembamba, wanaoutumia waashi, nikaushika ncha moja huku na nyingine kule. Maji hayana upendeleo. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa chini kuliko mwingine kwa unene wa vidole viwili.

Kumbe ndiyo hivyo. Kila kereng'ende wa kijiji hiki alikuwa anavuta kushoto, na kila mrushaji aliambiwa ni upepo wa bonde. Pembeni mwa vijiti kuna vitufe vidogo vya kurekebisha mvuto wa namna hiyo, lakini Mbonea alivichukia. "Hivi ni vya mtu mwenye dole la uji," alikuwa akisema, na aliviziba kwa gundi kwenye rimoti ya kila mwanafunzi wake. Mrushaji wa Ngofi hurekebisha kwa kidole. Tulijivunia hilo. Tuliwacheka watu wa tambarare na vitufe vyao.

Meza mpya ilifika mwezi wa sita. Niliwasawazishia watu upya, mmoja baada ya mwingine. Walio hai walilalamika wiki moja kwamba vyombo vinavuta kulia, kisha vidole vikajifunza. Wa Elieskia nilimsawazisha siku ya Jumanne. Alhamisi mwenyewe alilazwa hospitalini. Hakupata ile wiki moja.

Ili nisijidanganye, nilimweka kereng'ende juu ya jiwe la Mbonea, nikavuta vijiti chini na nje, nikahesabu tatu. Nikabonyeza Mkono. Alipanda kimo cha kichwa, akasimama. Kijiti kilisukuma kulia, chombo kilivuta kushoto, na kati ya hivyo viwili kereng'ende alitulia kama msumari ukutani. Hakwenda popote. Ndivyo Elieskia alivyokuwa akifanya kila Jumapili kabla ya michezo yake: anampandisha, anamwacha apumue.

Nilimrudisha kwenye meza ya skrubu, nikamsawazisha kama alivyoletwa, nikaketi na kibati na msumari wa kuandikia.

Unaaminika. Ningeweza kuliandika neno hilo bila kusema uongo. Mkono ulikuwa wa Elieskia kweli, haujachezewa, haujaoza. Kibati hakina nafasi ya kueleza habari za jiwe. Kanankira angesoma neno moja na kusikia jingine, kikao kingetangaza zamu, mfereji ungeendelea kuimba, na mimi ningelala na ukweli wangu mdogo mfukoni. Nani angeumia? Nilijiuliza swali hilo Ijumaa yote na Jumamosi yote, nikapata jibu moja tu, lisilopendeza. Siku moja betri itaisha mapema. Siku moja upepo utampeleka kwa jirani mwingine. Au mtu atakigeuza chombo pua ilale upande wa pili, kitakwenda korongoni badala ya mlangoni, na Kanankira atasema ndugu yake amebadilisha nia. Siku hiyo atafunga maji, na kitakachokuwa kimeyafunga ni skrubu tatu.

Zamu ya maji ya mwanamke isitundikwe kwenye skrubu tatu.

*

Jumapili alasiri nilifika kwa Kanankira kabla ya watu. Alikuwa kibarazani amevaa koti lake la vikao, miguu peku, jembe limeegemezwa ukutani kwa sababu baada ya kikao watu hupanda ndivani kusafisha. Mama Niendiwe alikuwa tayari ameketi kwenye mkeka.

"Karibu, binti Mshana," Kanankira alisema. "Umekuja na kibati?"

"Nimekuja nacho, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kifunge, tukasomewe."

"Kabla sijakifunga, nakuomba ushike rimoti."

"Mimi?" Alicheka kidogo, akajitazama viganja. "Mimi ni mtu wa jembe. Nitakivunja kidude cha watu."

"Weka vidole gumba juu ya vijiti. Usisukume. Sikiliza tu."

Nilimweka kereng'ende kwenye ua wake, nikamwasha, nikabonyeza kitufe cheupe mikononi mwa mzee. Vijiti vilipoanza kusogea chini ya vidole vyake alishtuka kama aliyeguswa bega gizani. Kisha hakusogea tena.

"Huyu ni Elieskia," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa akinishika mkono tukivuka mto, wadogo. Hakamati. Anagusa."

"Ni yeye, mzee. Mkono ni wake."

"Si nilikwambia!" Mama Niendiwe alidakia.

"Kijiti cha kulia kinafanyaje?" nikamuuliza Kanankira.

"Kinasukuma. Kinasukuma huku." Aliinua kidevu kuonyesha kulia, ambako kereng'ende alikuwa tayari anakwenda, kuelekea kwenye boma lake la mbuzi. Macho yake yalimfuata, na uso ukaanza kukunjamana. "Mbona anakwenda kwa mbuzi? Mlango uko huku."

Nikamweleza. Sikutumia maneno ya chuoni. Nilimweleza jiwe lililoinama, vitufe vilivyozibwa, miaka ya kidole kusukuma dhidi ya mvuto ambao hakuna aliyejua unatoka wapi. Nilimweleza meza mpya, Jumanne na Alhamisi. Nilimwambia kwamba kutoka uani kwa Mama Niendiwe, pua ikitazama bonde, kulia ni hapa, na kwamba jicho la ubavuni lingemsimamisha mbele ya ukuta wowote ule. Mkono wa Elieskia bado ulikuwa unarekebisha kosa ambalo mimi nilikwisha kuliondoa.

Kereng'ende alisimama mbele ya boma. Mbuzi mmoja alimnusa.

"Nakiete," Mama Niendiwe alisema taratibu sana, "nyamaza."

"Nimemaliza, mama."

Kanankira aliiweka rimoti chini kwa uangalifu, kama anaweka yai. "Miaka tisa," alisema, "nilimngoja aje aniombe radhi kwa ile picha. Mlangoni pangu. Nilipomwona pale, hewani, ananing'inia, hasemi, nikajiambia, ameomba. Hana mdomo tena lakini ameomba." Akasimama. "Kumbe nilikuwa naombwa radhi na meza."

Akachukua jembe, akatoka, akashika njia ya kupanda ndivani.

Tulikwenda kuketi kando ya mfereji, Mama Niendiwe na mimi, pale unapopita juu ya shamba lake. Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Maji yalikuwa kimo cha kiganja, yamebeba majani ya mgomba. Kisha wimbo ukabadilika. Maji yalishuka hadi unene wa vidole viwili, hadi kimoja, hadi yakabaki uzi unaotafuta njia kati ya mawe.

"Mfuate," alisema bila kunitazama. "Mwambie umekosea kupima."

"Sikukosea, mama."

"Sikuulizi kama ulikosea. Nakwambia ukaseme."

"Nikisema hivyo maji yatarudi, na kila Jumapili utakuwa unamwomba Mungu upepo usivume."

"Heri nimwombe Mungu upepo kuliko kumwomba mvua." Aliokota jiwe, akalitupa kwenye tope. "Mna elimu nyingi nyie. Mkipima kitu mnafikiri mmekilima."

Niliutazama ule uzi wa maji. Tangawizi ilikuwa imechipua vizuri, kijani kibichi, magotini. Niliziona wiki mbili za jua mbele yake na nikaona nitakachokuwa nimefanya.

Kwanza ilikuja sauti, kwikwi ya hewa kati ya mawe. Halafu maji, ya matope, yenye povu na vijiti, yakaujaza mfereji hadi ukingoni na kumlowesha Mama Niendiwe pindo la khanga. Hakusogea. Aliingiza mkono wake ndani na kuuacha humo.

Kanankira alishuka jioni ikianza, amelowa hadi magotini, jembe begani. Alisimama ng'ambo ya mfereji.

"Shemeji," alisema, "zamu yako ni Jumanne na Ijumaa. Nimeshawaambia wale wa kikao, wako huko juu wanazibua. Nimefunga, kisha nimefungua. Nilipofunga nilikuwa na hasira. Nilipofungua sikuwa na kereng'ende wala mtu, nilikuwa mimi tu. Mtu akikuuliza nani kakupa maji, usimtaje Elieskia. Sema Kanankira."

"Nimesikia, shemeji." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Asante."

Kisha mzee akanigeukia. Hakuwa na ukali. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba gunia mbali na kuambiwa si lake.

"Wewe umeniua ndugu mara ya pili. Nilikuwa naye Jumapili tatu."

"Pole sana, mzee."

"Pole nimepewa na kijiji kizima. Nataka radhi. Yeye ameondoka bila kuniomba, basi uniombe wewe. Kwa niaba yake, kwa niaba yako, sitakuuliza. Neno moja, binti Mshana, nikapumzike."

Mama Niendiwe aliutoa mkono majini, akanitazama. "Mpe, Nakiete," alisema. "Linakugharimu nini?"

Nilikitoa kibati mfukoni, nikaruka mfereji, nikamwekea mkononi. Nilikuwa nimekiandika tangu Jumamosi, herufi ndogo ndogo zienee: *Mkono ni wake. Njia si yake.* Alikisoma. Alikisoma tena, midomo ikisogea.

"Pole nakupa, mzee," nilimwambia, "na nitakuja kukupa tena kesho na keshokutwa ukitaka. Radhi siombi. Elieskia aliwaonyesha watu maji yalikokwenda, na mimi nimekuonyesha kereng'ende alikokwenda. Kwa niaba yake siombi. Na kwa niaba yangu, siombi pia."